Aïcha wa Foni na Watoto Watatu wa Papa Sikuli

Jumanne asubuhi Papa Sikuli alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana ya Aïcha Asumani, huko Mikelenge, amekumbatia boksi la karto kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakusalimia, naye ni mtu ambaye mkikutana mara tano kwa siku atakusalimia mara tano. Aliiweka karto juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na vipande vya waya, akaifungua.

Ndani mlikuwa na simu: kitako kimoja cheusi chenye antena fupi, pamoja na vipokezi vitatu visivyo na waya. Wiki tatu kabla, Aïcha alizifunga yeye mwenyewe katika duka la Sikuli la mabati na misumari. Kitako hukiita mama, na vipokezi huviita watoto, kwa kuwa mtoto akienda mbali mno na mama yake hupotea. Wateja wake wote wameyashika majina hayo.

"Mama Aïcha, watoto wako wamenishinda," alisema Sikuli. "Nimekurudishia wote, na mama yao."

"Wamefanya nini?"

"Wanakufa. Mara moja kwa siku, siku ingine mara mbili. Muteja iko mbele yangu, anataka kujua mabati iko ngapi ndani ya depo. Naita. Simu inaniandikia kwa Kifaransa eti inatafuta mama yake. Mama yake iko ndani ya ofisi, hatua kumi! Muntu mukubwa kama mimi, nasimama mbele ya watu na yatima mukononi."

Aïcha alijizuia asicheke. "Zinakufa kwa muda gani?"

"Robo saa. Kisha zinafufuka zenyewe, kama Lazaro. Mimi namushukuru Mungu kwa Lazaro, lakini sikumununua."

Hapo Aïcha alicheka, lakini kicheko hakikumfika moyoni. Alijua Jumamosi kuna nini. Wafanyabiashara tisa wa barabara ile, wengi wao watu wa Butembo na Beni kama Sikuli, wangekutana dukani kwake kwa mkutano wao wa kila mwezi. Walikuwa wamekubaliana kwamba zikimfaa Sikuli, kila mmoja atafunga za kwake, na Aïcha ndiye atakayewafungia. Zikimshinda, wataagiza Goma na fundi atatoka huko huko. Kitu kilichorudishwa na ndugu yao hawakinunui. Na jambo likishasemwa na watu tisa wenye maduka, Kindu yote imelisikia kabla ya jua kuzama. Simu za Aïcha zinakufa: ni nani angemletea kazi tena baada ya neno hilo?

Alivitoa vipokezi kimoja kimoja, akakitoa na kitako, akavitia katika mfuko wake wa kazi. Karto tupu akaisukuma chini ya meza.

"Hii karto itabaki hapa," alisema. "Hawa nawarudisha dukani sasa hivi. Na nitakaa nao. Kama siku ya mukutano zitakufa hata mara moja, nitazibeba mwenyewe, muchana, katikati ya barabara, watu wote wanione."

"Usiape, dada."

"Siapi, papa. Napanga saa."

Sikuli alimtazama, kisha akakumbuka, akamsalimia.

*

Huko kupanga saa ya kusikika na kuishika Aïcha alikurithi kwa baba yake. Mzee Asumani alikuwa mtu wa simu za waya katika stesheni ya reli, na treni ziliposimama aliurudisha ujuzi wake nyumbani. Kabla ya vita alipata mashine ya redio ya kuzungumzia mbali, ile ambayo watu wote wa Maniema huiita foni, akaiweka chumba cha mbele. Iliendeshwa kwa betri mbili za gari na paneli moja ya jua. Vita vilipoingia, barabara zikawa za mwenye bunduki, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika. Chumvi ililetwa kwa ndege, na habari zilikuja kwa foni. Mwenye duka aliyetaka kujua ndege itatua lini, au mama aliyekuwa na mtoto katika mji wa Kalima, alikuja kukaa kwenye benchi ya Asumani kungoja saa yake.

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo aliyeshika kipaza sauti ni Aïcha. Alikuwa na miaka ishirini. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa nyofu, haikutetemeka, na ilipita katikati ya kelele za anga kama sindano inavyopita kwenye kitambaa. Ndiyo maana hewani foni yao iliitwa Sindano. Ile ya Kalima iliitwa Nyundo.

"Nyundo, Nyundo, hapa Sindano. Unanipata?"

"Tano kwa tano, Sindano, safi kabisa. Sema."

Mzee alikuwa na daftari lenye safu nne. Ya kwanza ni saa, ya pili ni jina, ya tatu ni ujumbe. Ya nne aliiandika "Mengine", na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Humo Aïcha alipaswa kuandika kama kuna mvua, kama jenereta ya jirani inanguruma, kama ndege imepita, nani amepita njiani.

"Kwa nini niandike wapita njia, baba? Sisi ni foni au ni walinzi?"

"Sauti ikipotea," alijibu mzee, "usiulize mashini peke yake. Uliza saa ile dunia ilikuwa inafanya nini."

Miongoni mwa waliokaa kwenye benchi ile alikuwa Françoise, mke wa Sikuli. Wakati ule Sikuli alikuwa kijana mwenye kibanda kimoja cha chumvi na sabuni. Alikuwa ameenda kwao Butembo kutafuta bidhaa, vita vikafunga njia nyuma yake. Mke alibaki Kindu na mtoto mchanga, Arielle. Kila Jumatano na Jumamosi, saa tatu asubuhi, alikuja kusikia sauti ya mumewe ikitoka katika kisanduku cha chuma. Alikuwa mkubwa kwa Aïcha kwa miaka minne, na Aïcha alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

Wenye bunduki hawakupenda foni. Kwao kila mwenye foni alikuwa anawauzia adui habari zao. Kwa hiyo antena ya Asumani ilikuwa waya wa kuanikia nguo, na siku za hatari haikukosa mashuka. Mashine yenyewe ilikuwa na sanduku la bati, lile la kutunzia vitenge. Ilipoonekana kofia ya askari mwisho wa njia, mashine iliingia ndani, vitenge vikawekwa juu, kifuniko kikafungwa.

Jumamosi moja ya mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa na watu wanakula majani ya mihogo bila mafuta, askari wanne waliingia uani bila kupiga hodi. Aïcha alikuwa amefunga sanduku wakati ule ule. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. Françoise hakungoja kuambiwa. Aliketi juu ya sanduku, akafungua blauzi, akamtia Arielle titi.

"Ondoka hapo," alisema mkubwa wao.

"Afande, mtoto ananyonya."

"Nimesema ondoka."

"Nikimutoa sasa atalia, na akilia hanyamazi mpaka magaribi. Utabaki naye weye?"

Askari mmoja wa nyuma alicheka. Mkubwa akamtazama yule aliyecheka, akatazama mashuka kwenye waya, akapiga teke debe la maji, wakaondoka. Arielle aliendelea kunyonya kana kwamba dunia haina shida yoyote.

Walipokwisha kutokomea, Françoise alifunga blauzi. Aïcha alimshika mikono yote miwili.

"Yaya, sikiliza. Siku ingine huenda sitakuwa hapa, utakuwa weye na baba. Ukiona kofia, usingoje. Usiwaze. Mashini iingie ndani ya sanduku, weye ukae juu. Sema."

"Nikiona kofia, nisiwaze. Sanduku."

"Mara ya pili."

"Nikiona kofia, nisiwaze. Sanduku."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya foni: neno halijafika mpaka limerudiwa mara mbili. Aïcha alimfanya Françoise alirudie wiki baada ya wiki, mpaka vita vilipokwisha na Sikuli akarudi kwa ndege ya mizigo, amekonda, na magunia mawili ya maharage.

*

Kutoka Jumanne ile Aïcha alihamia dukani kwa Sikuli. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya kuuzia, kipokezi kimoja mapajani, daftari mkononi, na kila baada ya muda aliita depo, ghala lililokuwa ng'ambo ya barabara. Huko alijibu Arielle, ambaye sasa alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili na ndiye aliyesimamia mabati yote ya baba yake.

"Depo, iko mutu?"

"Iko mimi na vumbi, mama Aïcha."

Kwanza alishuku umeme. Alipima betri: nzima. Alipanda juu ya paa kuifuta paneli ya jua: safi. Kisha akashuku mabati, kwa sababu chuma humeza sauti. Aliwaomba vijana wa depo wasogeze rundo zima upande wa pili, nao walilisogeza huku wakiuliza kama hizo simu zinaogopa mabati au zinayaonea wivu. Haikusaidia. Jumatano simu zilikufa saa nne na dakika ishirini, zikafufuka. Alhamisi zilikufa saa tano, tena saa tisa.

Kila zilipokufa Aïcha alikimbilia ofisini, chumba cha ndani ambako mama alikuwa mezani karibu na betri. Kila mara njia ilimchelewesha. Meza ya kuuzia ilikuwa imejaa wateja, kulikuwa na magunia ya misumari ya kuruka, kisha mlango uliofungwa kwa komeo. Françoise alifungua polepole, amenenepa, amekuwa mama wa heshima, miwani shingoni. Ndani kila kitu kilikuwa sawa. Mama yuko juu ya meza, taa inawaka kijani.

"Zimekufa tena?" aliuliza Françoise, na huzuni yake haikuwa ya kujifanya. "Maskini, ndogo yangu. Papa Arielle ameanza kusema maneno."

"Anasema nini?"

"Anasema Lazaro njo alikufa mara moja tu."

Ijumaa adhuhuri Aïcha alirudi kutoka msikitini, akakuta simu zimekufa tena wakati hayupo. Sikuli alipima misumari kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika. Ilibaki siku moja.

Aïcha hakugusa bisibisi. Aliketi akafungua daftari, lenye safu zile zile nne, na akafanya kile ambacho baba yake angefanya: aliisoma safu ya nne peke yake, kutoka juu kwenda chini.

Jumatano, saa nne na dakika ishirini. Jua kali. Polisi wa barabarani wawili wamesimamisha pikipiki mbele ya duka.

Alhamisi, saa tano. Mawingu. Askari mmoja amenunua kufuli.

Alhamisi, saa tisa. Mvua ndogo. Walinzi wa kampuni ya ulinzi, watatu, wamejikinga barazani.

Alimwita Arielle kwa simu. "Mwanangu, adhuhuri hii nikiwa musikitini, nani alipita hapa mbele?"

"Watu wengi, mama. Njia njo ya watu wote."

"Mwenye kofia."

Arielle aliwaza. "Eeh. Gari ya polisi ilisimama, dereva akaomba maji."

Aïcha aliirudia safu ya nne kwa kidole: polisi, askari, walinzi, na sasa polisi tena. Mwili wake ulikuwa umeshajua, akili ndiyo ilikuwa inakuja nyuma. Aliinuka, akaenda ofisini, akagonga. Françoise alipofungua, Aïcha hakumtazama mama mezani kama siku zote. Aliushika waya unaotoka kwenye betri, akaupitisha kati ya vidole viwili. Katikati palikuwa na mkunjo mkavu, kama waya uliobanwa na kitu chembamba na kizito, tena na tena, mahali pale pale. Chini ya meza kulikuwa na sanduku la bati.

"Yaya," alisema taratibu. "Ukiona kofia, unafanya nini?"

Françoise alifungua kinywa kujibu kwamba hafanyi kitu. Kisha macho yake yalishuka kwenye sanduku, yakapanda kwenye mikono yake mwenyewe, akaitazama kama mikono ya mgeni.

"Mungu wangu," alisema. "Hiki kidirisha kinaonyesha barabara. Naona kofia, ninainama tu, namutia mama ndani ya sanduku. Wakipita, ninamurudisha juu ya meza. Sikuwaza, Aïcha. Sikuwaza hata siku moja."

"Nilikukataza kuwaza."

"Miaka zaidi ya makumi mbili!"

"Nilikufundisha vizuri," alisema Aïcha, na wote wawili walicheka mpaka Françoise akalazimika kukaa. Alikaa juu ya sanduku. Huko kukaa kuliwachekesha upya, halafu kicheko cha Françoise kilibadilika, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Usimwambie Papa Arielle. Atanicheka mbele ya watu wa Butembo mpaka nizeeke."

Hapo Aïcha aliutazama mlango. Ilikuwa rahisi mno. Angefungua mlango, angesema maneno matatu, na jina lake lingekuwa safi: simu ni nzima, fundi ni mzima, mwenye kosa ni mke wa nyumba. Mlango ulikuwa hatua moja. Lakini alimkumbuka mwanamke yule akiwa ameketi juu ya sanduku, mtoto kifuani, akijibizana na bunduki.

"Sitamwambia," alisema.

Kumwambia Françoise aache nako hakukutosha. Neno lililorudiwa miaka mingi halifutwi kwa alasiri moja. Kofia ingepita kesho, mikono ingeinama. Aïcha alitazama chumba, akaona juu ya kabati kikapo cha kamba za miti, kile kinachosukwa na wamama wa Kailo, chenye kifuniko, ambacho Françoise hubebea mchele. Akakishusha.

"Yaya, chuma kinameza sauti. Kikapo hakimezi. Mama atakaa humu, juu ya kabati, tangu leo, asubuhi na jioni. Amekwisha kufichwa. Kofia ikipita, hakuna kazi iliyobaki. Funika kitenge juu kama moyo unataka. Sema."

"Amekwisha kufichwa. Hakuna kazi iliyobaki."

"Mara ya pili."

"Amekwisha kufichwa," alisema Françoise, na mabega yake yalishuka. "Hakuna kazi iliyobaki."

Dukani Sikuli alikuwa anangoja, mikono kiunoni. "Sasa?"

"Nimeona kosa, papa. Niliweka mama mahali pabaya. Kosa ni langu, la zamani. Nimemuhamisha."

Sikuli alimpima kwa macho. Alizoea mafundi wanaolaumu umeme, mvua, mashetani na mteja. "Lako kabisa?"

"Kabisa."

"Bon," alisema. "Kesho tutaona."

*

Jumamosi wafanyabiashara tisa waliketi kati ya mabati na ndoo za rangi, wakinywa chai na kubishana kuhusu bei ya lori. Aïcha alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Mashine alizijua, na kikapo alikuwa amekijaribu jana mara arobaini, hata kutoka mwisho wa depo, nyuma ya mabati. Alichongoja ni kofia.

Iliingia saa nne na nusu. Polisi wawili wa barabarani, wanataka mnyororo wa kufungia pikipiki. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kidogo, na kwenye ufa ule Aïcha alimwona Françoise akisimama ghafla. Mkono wake wa kulia ulinyoosha vidole kuelekea juu ya kabati.

"Sasa njo wakati," alisema Papa Kizito, mwenye duka la vipuri, mtu wa maneno. "Sikuli, tuonyeshe hizo simu zako za Lazaro. Ita depo."

Sikuli alichukua kipokezi. Wote waligeuka kumtazama, hata polisi. Kwenye ufa wa mlango, mkono wa Françoise ulifika kwenye kikapo, ukakaa juu ya kitenge kilichokifunika, ukakinyoosha kitenge mahali palipokunjika. Kisha ukashuka.

"Depo ninasikia," ilisema sauti ya Arielle, safi kama yumo chumbani. "Baba, unataka nini? Nina watu."

"Mabati ya mita tatu, iko ngapi?"

"Mia moja na sita. Nilikuambia asubuhi!"

Watu walicheka. Kizito alitaka kujaribu naye, akajaribu. Akatoka mpaka barabarani, akavuka, akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba bado anasikia, ingawa walimsikia hata bila simu, kisha akarudi na kumpa Sikuli kipokezi. Polisi walilipia mnyororo wao na kwenda zao.

Ndipo kipokezi cha ofisini kikaita depo, na sauti ya Françoise ikasikika katika kile kilichokuwa mkononi mwa Sikuli, kwa kuwa Arielle alikuwa bado hajakata. Haikuwa sauti yake ya dukani. Ilikuwa ile ya benchi ya Mzee Asumani.

"Depo, Depo, hapa Ofisi. Unanipata?"

"Mama? Nakupata, kwani kuna nini?"

"Sema tano kwa tano."

"Tano kwa tano, mama."

Sikuli aliisogeza simu mbali na sikio, akaitazama. Maneno hayo aliyajua. Aliwahi kuyasikia Butembo miezi mingi, Jumatano na Jumamosi, saa tatu. Alimtazama Aïcha, akatazama mlango wa ofisi, akataka kuuliza kitu. Halafu akamimina chai, akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti cha plastiki.

"Na kile kikapo?" aliuliza Kizito, aliyekuwa amechungulia ofisini. "Kinauzwa pamoja na simu, au ni dawa?"

"Kikapo utakinunua kwa wamama wa Kailo," alisema Aïcha. "Lakini kwangu mimi bila kikapo sifungi."

Jumatatu alitoa karto chini ya meza ya kazi, akaipangusa vumbi. Aliweka ndani mama mmoja mpya na watoto watatu, wa Papa Kizito, akafunga kwa kamba, akaita pikipiki.